MREJESHO: Mtungi uliopoza maji Dodoma, Tanga umegoma

Wakuu, niliuliza kwa nini mtungi wetu wa udongo, uliokuwa ukitoa maji ya baridi kabisa Dodoma, huku Tanga unatoa ya vuguvugu. Wengi mlisema ni unyevu wa hewa, na ndivyo ilivyo.

Mtungi hupoza kwa kutoa jasho: maji yanayopenya kwenye vitundu vya udongo hugeuka mvuke na kuondoka na joto la yaliyobaki ndani. Hewa ikiwa na nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 30, kitu kilicholowa kinaweza kupoa hadi kama nyuzi 18. Unyevu ukifika asilimia 80, kinagota kwenye 27 hivi, maana hewa imekaribia kushiba mvuke.

Aliyeshauri niupake rangi ili usivuje, jamani, hapo ndipo ungekufa kabisa! Aliyesema niutoe jikoni niuweke barazani kwenye upepo, ahsante: upepo unaifukuza ile hewa nyevu inayouzunguka. Mchana nafuu ipo. Alfajiri, unyevu ukipanda, hamna kitu. Mama mkwe kashaanza kuulizia bei za friji.