Mrejesho: kumbe si diski, ni RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta)

Wakuu, mwezi uliopita nilileta shida ya kompyuta yangu mpya ya Linux: kila baada ya siku mbili tatu ext4 (mfumo wa mafaili kwenye diski) inajigeuza ya kusoma tu, fsck (programu ya kukagua mfumo huo) inarekebisha makosa, kisha yanarudi. Wengi mlisema SSD, yaani diski yenyewe, imekufa. Nikaamini, nikanunua nyingine. Hela imeenda bure, siku ya tatu mambo yakawa yaleyale.

smartctl (programu ya kukagua afya ya diski) haikuonyesha hitilafu kwenye diski yoyote. Aliyenishauri memtest86+ (programu ya kupima RAM), heshima yako mkuu. Niliiacha usiku kucha. Asubuhi skrini imejaa mistari myekundu. Nikapima vijiti vya RAM kimoja kimoja: cha pili ndicho kibovu. Data ilikuwa inaharibikia kwenye RAM kabla haijafika diskini, kwa hiyo hata fsck yenyewe huenda ilikuwa inaongeza uharibifu.

Muuzaji amenibadilishia, baada ya ubishi kidogo. Nimefomati upya, maana mafaili yaliyokuwemo sikuyaamini tena, nikarudisha nakala niliyokuwa nayo kwenye diski ya nje. Leo siku ya tisa, dmesg (ujumbe wa mfumo, makosa yanapoonekana) kimya. SSD ya ziada ameshaichukua mdogo wangu.