Hesabu ya ndege wa baridi: mdogo wangu, jiandikishe

Marahaba, mdogo wangu. Umeniuliza kama ujiandikishe kwenye Hesabu ya Ndege ya Krismasi huko Marekani, ile siku watu wa kujitolea wanapohesabu ndege wa eneo lao. Kama kinachokutisha ni kutojua majina ya ndege wa huko, jiandikishe hivyo hivyo. Mimi nilikwenda nikiwajua watatu tu, na siku ile ndiyo nilipofahamiana na majirani tuliokaa miaka miwili tukiishia kwenye salamu.

Hesabu ya Krismasi ilianza mwaka 1900, Frank Chapman, mtaalamu wa ndege wa Marekani, alipowaomba watu wahesabu ndege badala ya kushindana kuwapiga risasi. Walijitokeza 27. Siku hizi kila kundi lina duara lake, yaani eneo la kuhesabia, kilomita 24 kutoka ukingo hadi ukingo, na huchagua siku moja kati ya Desemba 14 na Januari 5. Mwambie mratibu mapema kwamba u mgeni, akupange na mzoefu.

Kazi ni pale wanapokuwa wengi. Bata walitanda majini, nikasema, "Mia tatu." Mama niliyepangwa naye akaniuliza kwa upole, "Umehesabu au umekisia?" Akanionyesha: hesabu kumi, mmoja mmoja, tazama wameenea kiasi gani, kisha pima kundi zima kwa kipande hicho. Tulipata 140.

Sasa nimerudi Mwanza na bado nahesabu hivyo, pale mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, yangeyange wanaposhukia dagaa walioanikwa. Mnandi, wale ndege wapiga mbizi wa Bismarck Rock, mwamba ulio ziwani, ni rahisi zaidi. Wanasimama mbawa wazi, maji yanawachuruzika, wala hawana haraka ya kuondoka. Wewe umekulia Igombe, kando ya ziwa. Jicho la kumwona furukombe, yule tai mla samaki, akiwa mbali unalo tayari, huko utaongeza majina tu.

Mbayuwayu usiwatafute. Wengi wa huko wameshahamia kusini, kama hawa wa Ulaya tunaowaona hapa Desemba wakipita chini chini juu ya ziwa.

Viatu visibane, la sivyo vidole vitakufa ganzi. Chukua penseli: kalamu ya wino ilinigomea kwa baridi katikati ya mstari, nikawa naisugua viganjani huku ndege wanaruka. Na muda wa kukutana uulize vizuri, kwetu ilikuwa saa kumi na mbili na nusu, giza bado. Beba chupa ya chai ya tangawizi na vikombe vya ziada. Yangu iliisha kabla ya saa tatu.