Uzamivu wa chui Ruaha: kamera 40 nizipangeje, na kibali?

Mzamivu_1
Wakuu, habari za kazi. Naanza uzamivu, mada ni kukadiria idadi ya chui Hifadhi ya Taifa Ruaha. Nina kamera za kutega 40 (zinazojipiga zenyewe mnyama akipita). Niweke vituo 40 vya kamera mojamoja au 20 vya mbilimbili? Na kibali naanzia wapi?

Nyayo
Mbilimbili, hapo hakuna mjadala. Chui anatambuliwa kwa madoa, na ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Kamera moja ikimpiga kushoto leo na kulia kesho, utamhesabu mara mbili au utupe nusu ya picha. Zifunge kila upande wa njia, kimo cha sentimita 40 hivi, zipishane kidogo, maana zikitazamana uso kwa uso mwanga wa moja unaunguza picha ya nyingine usiku. Usizielekeze mashariki wala magharibi, jua la asubuhi na jioni litaziwasha bure. Na fyeka nyasi! Jani moja likicheza na upepo linajaza memori kadi kwa siku chache.

Mbuyuni
Naongezea nafasi. Kilomita 2 hivi kati ya vituo inafaa. Ukitanua hadi 6, jike anaweza kuishi katikati asipite kituo hata kimoja. Lakini piga hesabu: vituo 20 kwa nafasi hiyo ni kilomita za mraba 80 tu, chui wachache mno kwa makadirio ya kueleweka. Kwa hiyo hamisha kamera kwa awamu, zote ziishe ndani ya siku 90 hivi, kwa sababu modeli ya kukadiria idadi inachukulia kwamba hakuna anayezaliwa, kufa wala kuhama. Fanya kiangazi, masika barabara nyingi hazipitiki. Linganisha saa za kamera zote kabla ya kufunga, wengi husahau. Boksi za chuma ni lazima: fisi anatafuna mikanda, tembo anang'oa vyote.

Kibali_Kwanza
Andiko la utafiti wa wanyamapori linapitia TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na kuingia hifadhini ni ruhusa ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa). Vituo vikivuka kwenda Pori la Akiba Rungwa, huko ni TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), ruhusa nyingine kabisa. Mtafiti mwenzako akitoka nje ya nchi, anahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Ukipanga kupeleka nywele au damu maabara ya nje, chui yuko Kiambatisho cha I cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), chenye masharti makali zaidi, hivyo anza kufuatilia mapema, kabla hata ya kununua betri.