Lupango (uwanja wa nyumba) ya Katuba, Lubumbashi, Kongo: pikipiki mbili, watu watatu, Kilwa

Jumapili, tarehe 6 mwezi wa 7

Patient, 17:42: Yambo jamaa yote. Imekuwa hakika. Tunatoka tarehe 24, mimi na Trésor, kwenda Kilwa ku ziwa Moero. Njiani tunalala mu hema. Tarehe 29 tumerudi.

Nadège, 17:43: Na mimi.

Patient, 17:43: Na wewe nini?

Nadège, 17:44: Na mimi naenda. Moto (pikipiki) ya Trésor ina kiti cha nyuma, ama nimekosea?

Trésor, 17:44: Kiti cha nyuma njo nafasi ya mizigo 😂

Mama, 17:51: Batoto, mbele ya yote. Tarehe moja ya mwezi wa nane asubuhi tunaenda ku kaburi ya babu yenu, kisha tunakula pamoja. Mwenye hatakuwa hapa, asirudi hata kidogo.

Patient, 17:52: Mama, tarehe 29 tutakuwa tumelala mu nyumba.

Tantine Odette, 18:03: Kilwa? Si ile njia ya Pweto? Na bale ba mu pori, ba bunduki, baliisha?

Yaya (mkubwa wao) Didier, 18:20: Tantine, Pweto iko mbele zaidi, lakini neno lako nalishika. Siku mbili kabla ya kutoka nitampigia mtu wa parokia kule Kilwa. Akisema wangoje, watangoja. Sitaki kusikia "tulishanunua esansi (petroli)". Haya, Trésor, leta orodha ya vitu.

Trésor, 18:31: Hema, mifuko ya kulalia, mbabula (jiko), makala (mkaa) gunia nusu, sufuria mbili, unga wa bukari (ugali) kilo 5, ndagala, mafuta, viti viwili vya kukunja, bafule ya muziki, sabuni, panga, tochi, maji lita 20, jeki, nguo.

Yaya Didier, 18:33: Jeki ya gari?

Trésor, 18:33: Ndiyo. Pine ikitoboka?

Yaya Didier, 18:34: Mdogo wangu, unalaza pikipiki ubavu. Ama unasimamisha stendi na kuweka jiwe chini ya injini. Nimeendesha Yamaha AG100 ya parokia miaka tisa, sijawahi kubeba jeki.

Nadège, 18:35: Viti vya kukunja 💀 Mnaenda harusini?

Patient, 18:36: Nami nilimwambia. Alisema eti mgongo.

Yaya Didier, 18:48: Sikilizeni, niandike mara moja. Kilichoangusha watu wengi pale nilipopita si mashimo, ni mzigo wa nyuma. Ukirundika kila kitu juu ya mkia, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na mchangani usukani unaanza kucheza kichwa wenyewe. Kizito kikae chini na karibu na wewe: vyombo, maji, unga. Mfuko mmoja kila ubavu, uzani sawasawa. Juu ya kariya (kibebeo cha nyuma) mnafunga vyepesi tu, hema na nguo. Na msifunge kwa kamba ya nailoni, inalegea kwa mtikiso. Nendeni kwa kwado (fundi wa tairi), mwombe chambre (tyubu) ya zamani akate vipande virefu. Ule mpira unavuta, haulegei.

Trésor, 18:50: Na bidoni (dumu) ya esansi?

Yaya Didier, 18:51: Ubavuni, wima, mbali na bomba la moshi. Usijaze mpaka shingoni, jua likipiga esansi inavimba. Na mtu asiibebe mgongoni. Mtu akianguka na esansi mgongoni, ni nini sasa?

Mama, 18:55: Yezu wangu.

Yaya Didier, 18:55: Samahani Mama.

Jumatano, tarehe 9

Trésor, 20:10: Nimefanya hesabu. Jana nilijaza tanki mpaka juu, nikaenda Likasi na kurudi. Nyuma nilifunga magunia mawili ya muhogo ya Tantine, yachukue nafasi ya Nadège.

Nadège, 20:11: Mawili???

Trésor, 20:11: Kilomita 240. Nilipojaza tena ziliingia lita 7 na kidogo. Ni kama lita 3 kwa kilomita 100.

Yaya Didier, 20:19: Vizuri sana, hiyo njo kazi ya kichwa. Lakini Likasi ni lami. Barabara ya Kasenga ina vumbi na mchanga, utapanda gia ya pili muda mrefu. Hesabu 4. Tanki inaingiza ngapi?

Trésor, 20:20: 11.

Yaya Didier, 20:22: 11 na bidoni ya 5 ni 16. Kwa 4, ni kilomita 400. Inakufikisha Kilwa bila kumpigia mtu magoti. Ya kurudi mtanunua kule, na ile ya chupa ya barabarani mpitishe mu kitambaa cheupe kwanza. Mkiona maji yamekaa chini ya chupa, mwachie mwenyewe.

Tantine Odette, 20:40: Trésor, muhogo yangu iko wapi?

Trésor, 20:52: Tantine, gunia moja ilipasuka kidogo pale ku péage (kizuizi cha ushuru) 🙏

Tantine Odette, 20:53: Kidogo ni nini?

Patient, 20:54: Tantine, tutaongea pembeni.

Jumapili, tarehe 13

Patient, 06:15: Basi, jana usiku tulijaribu. Tulilala mu hema hapa hapa mu lupango.

Mama, 06:17: Jirani aliniuliza kama nilifukuza batoto mu nyumba. Asubuhi saa kumi na moja, amesimama ku kibambazi (ukuta) na ndoo, anauliza.

Nadège, 06:18: 😂😂😂

Patient, 06:24: Mambo mawili. La kwanza, baridi. Nilifikiri baridi inatoka juu, kumbe inatoka chini. Mfuko wa kulalia ni mzuri, lakini chini ya mgongo umebanwa, hauna joto tena. Saa nane ya usiku niliingia nyumbani kuchukua makatoni ya friji ya Mama. Tangu pale nililala kama mtu.

Trésor, 06:25: Mimi sikulala. Yeye alichukua makatoni yote.

Patient, 06:27: La pili, asubuhi hema lilikuwa limelowa ndani, maji yanadondoka. Na mvua hakuna! Ni mwezi wa saba!

Nadège, 06:29: Ni pumzi zenu. Mlifunga madirisha yote?

Patient, 06:29: Yote.

Nadège, 06:30: Njo hivyo. Watu wawili wanapumua usiku mzima mu mfuko wa plastiki, mvuke uende wapi? Muache tundu juu, upande ule ambao upepo hauingii.

Mama, 06:41: Mi sijui sababu gani munajitesa. Muko na mbabula. Muiwashe jioni, makala ikishika vizuri muingize mu hema, mufunge. Mutalala na joto mpaka asubuhi.

Yaya Didier, 06:43: HAPANA. Mama, nisamehe kusema kwa herufi kubwa. Hapana.

Nadège, 06:44: Mama, hapana kabisa. Makala yanatoa hewa isiyo na harufu. Mtu anasinzia, kichwa kizito, basi. Kila mwaka mu baridi hii tunaletewa watu hospitalini, wengine wanafika wakiwa wamekwisha. Na hiyo ni mu nyumba yenye mlango na dirisha. Hema je?

Mama, 06:50: Kumbe ile familia ya upande ule wa soko, mwaka ule...

Nadège, 06:50: Njo ile.

Mama, 06:52: Basi mbabula ibaki hapa. Hata isiende.

Trésor, 06:53: Mama, tutapika na nini?

Yaya Didier, 07:05: Mawe matatu. Kuni za kuokota zipo. Mbabula ni chuma, nusu gunia la makala nalo linakula nafasi bure. Mtoe vyote viwili, na Nadège anapata mahali pa kukaa.

Nadège, 07:06: Ninakupenda Yaya.

Yaya Didier, 07:15: Kule ziwani baridi haitawasumbua. Sisi hapa tuko juu, mita kama 1,200. Moero iko chini, mita 900 na kitu, joto lipo na mbu wapo. Baridi itawapiga usiku wa kwanza, kabla hamjateremka. Kwa hiyo makatoni ya kwenda, chandarua cha kufika.

Nadège, 07:17: Na hakuna kuogelea ovyo. Kuna kichocho. Na hema lisiwe ukingoni, mamba hauliziwi.

Alhamisi, tarehe 17

Patient, 19:30: Swali la Yaya. Usiku wa kwanza tunalala wapi? Ukiangalia ramani, baada ya Minga na kabla ya Kasomeno ni pori tupu.

Yaya Didier, 19:44: Pori si tupu, lina wenyewe. Saa kumi mmeshasimama.

Trésor, 19:45: Saa kumi ya kizungu ama ya kwetu?

Yaya Didier, 19:46: Ya kwetu. Saa 16 kama ya simu yako inavyosema. Saa kumi na mbili giza limeingia, na kufunga hema gizani kijijini mwa watu ni kujiletea maswali. Mnaingia kijiji chochote mchana, mnauliza nyumba ya shefu. Kaske (kofia za pikipiki) mnavua mbali, si mlangoni. Mnasema "mwapoleni mukwai", wataitikia "eya mukwai". Mnakaa. Hamuelezi hema bado. Mwache yeye aulize.

Patient, 19:48: Na zawadi?

Yaya Didier, 19:50: Sabuni za kipande, chumvi, sukari. Si makuta (pesa), makuta yanaharibu. Atawaonyesha mahali, mara nyingi ni uwanja wa shule ama kando ya kanisa. Mimi wamenilaza hata mu darasa, meza nimezisogeza ukutani. Asubuhi unamuaga yeye kwanza kabla ya kuwasha injini. Mzungu mmoja nilimpeleka kule, alilala pori bila kuuliza mtu, usiku watu wakaja na mapanga wakidhani ni mwizi wa mbuzi. Alilia.

Tantine Odette, 19:58: Hawa batatu hata salamu ya Kibemba hawajui. Nadège, kuja kwangu jumapili, nitakufundisha.

Nadège, 19:59: Eya mukwai 🙏

Jumanne, tarehe 22

Yaya Didier, 12:10: Nimeongea na mtu wa Kilwa. Anasema kumetulia, barabara ni kavu, shida ni vumbi la malori. Basi: taa mchana kutwa, na lori likiwa mbele hamlipiti mkiwa ndani ya vumbi. Mnasimama, mnakunywa maji, mnaliacha lisonge. Nyinyi hamna haraka.

Patient, 12:15: Asante Yaya. Vyuma tulivyoweka: chambre mbili, viraka na gundi, vyuma vya kufungulia pine, pompi ya mkono, buji (plagi) mbili, kamba ya klachi, atashi (kiungo) ya mnyororo, oli lita 1.

Yaya Didier, 12:18: Kamba ya klachi usiiweke mu mfuko. Ilaze kando ya ile iliyofungwa, ifunge na utepe. Siku inakatika, unahamisha ncha mbili tu. Na mnyororo msiukaze kama uzi wa gita. Nadège akiisha kukaa na mizigo yote, hapo ndipo mnapima, uwe unacheza kama vidole viwili.

Trésor, 12:20: Karatasi ziko tayari, karte roze (kadi ya pikipiki), asiranse (bima), kadi za kura. Kopi ziko kwa Mama.

Mama, 12:31: Ziko kwangu mu Biblia. Na ile bafule ya muziki?

Trésor, 12:32: Tumeitoa.

Mama, 12:32: Na viti?

Trésor, 12:33: Tumevitoa.

Patient, 12:33: Tumetoa na jeki. Jana tulipakia kila kitu, tukazunguka mpaka komini ya Kenya, hapa hapa mu mji, na kurudi. Usukani umetulia. Hata kuna nafasi ya mkono mzima juu ya kariya.

Alhamisi, tarehe 24

Patient, 05:36: Tuko ku barabara ya Kasenga, tunaacha mji. Simu nitaifunga mpaka Minga.

Yaya Didier, 05:38: Mwende na Mungu. Polepole.

Tantine Odette, 05:41: Batoto banguuu, mbele simu ifungwe. Kilwa kuko samaki ya chumvi, na makayabu (samaki mkavu) ya huku imepanda bei. Muniletee kilo 10. Deni ya muhogo itaisha pale.

Mama, 05:42: Na mimi kilo 10. Ni ya tarehe moja.

Yaya Didier, 05:44: Mama, Tantine, kilo 20 za samaki juu ya mkia wa pikipiki?

Mama, 05:45: Didier, nafasi iko. Patient alisema mwenyewe, mkono mzima.