Yuka ya getini imekauka: nikubali ing'olewe au bado ina uhai?

MamaKulwa
Habari za jioni wadau.

Niko Mikocheni, upande wa bondeni, ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Pembeni ya geti nina yuka kubwa, imepita ukuta, vichwa vitatu, ile ya majani laini yasiyochoma. Masika ya mwaka huu jirani alikuwa anajenga, mafundi wake wakamwaga kifusi upande wetu na kufunika shina hadi usawa wa goti. Mvua nazo zikapiga humo humo.

Mwezi wa sita majani ya chini yakageuka njano. Hilo nimelizoea. Lakini yakafuata ya juu, halafu kichwa kimoja kikadondoka chenyewe usiku, kikalalia turubai la bajaji ya mpangaji. (Bajaji nzima, ila maneno nimeyasikia.) Viwili vilivyobaki vimekauka. Ukivuta jani la katikati linakuja mkononi bila ubishi, na kule lilikochomoka kuna ute wa kahawia unaonuka kama muhogo uliovundikwa.

Baba watoto anataka pale pawe pa kuegesha gari na ameshaongea na kijana wa kung'oa, Jumamosi. Mimi nikigusa shina huku chini naona bado gumu. Dada wa kazi anaimwagia maji kila jioni kwa huruma. Naomba jibu la mtu aliyewahi kuokoa mmea wa hivi, siyo "pole sana dada".

Kijiweni_Sinza
Pole sana dada.

Haya, natania. Ila mimi ningeng'oa nikapanda mwarobaini.

BintiGoba
Iliwahi kuchanua? Nasikia hii mimea ikishatoa maua ndiyo basi, inakufa.

BabuVitalu
Mama Kulwa, mwambie huyo dada wa kazi aache maji leo hii hii. Mti umeuawa na maji na nyinyi mnauongezea.

Nauza miche barabara ya Bagamoyo miaka mingi, na yuka zinazoletwa kwangu zikiwa "zimekufa kwa kiu" karibu zote zimekufa kwa maji. Hiyo yako ya majani laini asili yake Mexico na Amerika ya Kati, na ua lake ndilo ua la taifa la El Salvador. Kule mvua inanyesha vizuri tu, kwa hiyo usiilaumu masika. Tatizo ni maji kusimama. Mzizi unavuta hewa kama sisi; ukiufunika kwa kifusi chenye udongo wa mfinyanzi halafu ukashiba maji, unakosa hewa, unaoza, na kuoza kunapanda ndani ya shina. Mzizi ukioza haupandishi maji tena, majani yanakauka, mwenye nyumba anakimbilia ndoo.

Usiangalie majani. Jani la yuka likishakufa halirudi. Kagua shina. Zoa kifusi chote hadi uone lile bonge la chini, pale shina linapotanuka. Anza hapo kubonyeza kwa kidole gumba ukipanda juu. Palipo gumu kama ubao, weka alama. Panapobonyea na kutoa maji, pameoza. Kisha kwaruza gome kidogo kwa kisu: ndani pakiwa peupe au kijani na pana unyevu, pana uhai. Pakiwa pa kahawia, pamekwisha.

Kata kwa msumeno. Panga linapasua zile nyuzi, na mpasuko unahifadhi maji. Anzia juu, shuka kipande kwa kipande hadi ukutane na nyeupe tupu. Ukiona doa la kahawia katikati, hata dogo kama punje ya mchele, hujafika, shuka tena. Hapo ndipo wengi wanaona huruma, wanaachia juu, na baada ya muda shina lote limekwenda. Futa msumeno kwa spiriti kila unapokata. Mkato wa mwisho ulaze kidogo ili mvua ichuruzike. Wengine wanapaka unga wa mkaa. Mimi naacha pakauke penyewe. Saruji usipake, tafadhali. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, nyumba ya mtu mzima na elimu yake.

Baada ya hapo maji hakuna, mbolea hakuna. Huu ni msimu wa kipupwe, inalala. Joto la Oktoba likirudi ndiyo itajibu, kama bado ipo.

Mkorogwe
Mzee kasema vizuri, ila mama Kulwa usikimbilie kukubali kuwa ni maji peke yake. Nimekulia kwenye mashamba ya mkonge, na yuka na mkonge ni ukoo mmoja. Mkonge wenyewe ni mgeni, Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na adui yake tunaye: fukusi wa mkonge, mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu. Yuka pia anaila. Jike anataga ndani, funza wanatoboa, kuoza kunaingia kupitia hayo matundu. Kichwa kinalegea na kudondoka, na harufu ndiyo hiyo hiyo uliyoisema.

Kile kichwa kilichodondoka kipo? Kipasue kwa urefu. Ukikuta njia zilizotobolewa na funza weupe wenye vichwa vya kahawia, wasio na miguu, choma moto vyote na usipande kipande chochote cha mti huo. Na usitupe nyuma ya ukuta kama tulivyozoea, utamgawia jirani.

BintiGoba, kufa baada ya maua ni mkonge. Ukishatoa mlingoti wake, safari imeisha. Yuka kichwa kilichochanua kinaacha kurefuka tu, machipukizi yanatoka pembeni. Hata vile vichwa vitatu huenda vilianza hivyo.

BabuVitalu
Mkorogwe, hapo nakuunga mkono. Pasua kwanza, mama.

MamaKulwa
Wakuu, nimepasua. Ndani ni uji mtupu, nyuzi zimebaki kama brashi, hakuna tundu wala funza. Nimemwita hadi baba watoto atazame, akatazama akiwa ameziba pua.

Kifusi kimezolewa. Yule kijana wa Jumamosi alikuja, nikampa kazi hiyo badala ya kung'oa. Chini kabisa shina ni gumu. Tukaanza kukata: vichwa viwili vya juu vimeoza, chini ya panda bado pana doa, tukashuka. Doa likawa linapungua kila kipande, mara upana wa kifuniko cha soda, mara kama kitufe cha shati, mwisho nyeupe yenye majimaji. Sasa kimebaki kisiki cha urefu wa meza.

Swali: kuna kipande cha tawi moja, kirefu kama mkono, kigumu pande zote na ndani cheupe. Nikipande? Na nitajuaje juu ni wapi?

BabuVitalu
Kipande, tena ni bima yako. Tazama makovu ya majani kwenye gome na mahali ulipokikata. Upande uliokuwa unaelekea kichwani ndio juu. Ufunge uzi sasa hivi kabla hujasahau, kikigeuzwa hakitashika vizuri. Kiweke kivulini kama wiki hivi mikato ikauke. Halafu kopo lenye matundu, mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo kidogo. Wa baharini usitumie, una chumvi. Na usikipande pale pale getini, yale maji ya chini bado yapo.

MamaKulwa
Nimerudi na habari, mwezi wa kumi na moja huu. Kopo bado liko kimya ila kipande kigumu. Kisiki ndicho kimenishangaza: chini ya mkato gome limepasuka na kutoa vidoti vya kijani vyenye ncha, vingi, na kimoja kimetokea ardhini kabisa. Gari bado linalala nje, baba watoto kasema kisiki kina muda hadi masika. Niviache vyote?

BabuVitalu
Hapana. Acha viwili au vitatu vya juu vinavyoelekea ukutani, mbali na njia ya gari. Vingine vivunje kwa kidole sasa hivi vikiwa laini. Kile cha ardhini kiache hadi kiwe na mizizi yake, halafu kitenge. Hicho ndicho cha kuhamishia kwenye tuta la juu, maana masika ijayo maji ya bondeni yatarudi pale pale.

Kijiweni_Sinza
Mwarobaini wangu niuweke wapi sasa?