Naomba ushauri: kuifanya ngozi mpya ionekane kuukuu

Habari zenu wanajamvi. Natengeneza mkoba wa begani wa mchezo wa jukwaani. Mhusika ni tarishi mzee ambaye ameubeba tangu ujana wake, na natamani sana watazamaji waliamini hilo kabla hajafungua mdomo. Ngozi ni ya ng'ombe, unene milimita 3, iliyotengenezwa kwa magome ya miti, si kwa kemikali ya kromu. Haijapakwa rangi wala vanishi.

Nimejaribu kwenye vipande vilivyobaki. Kuianika juani kumeipa rangi nzuri ya asali. Kuilowesha, kuifinyangafinyanga kwa mkono na kuiacha ikauke kivulini kumeleta mikunjo ya kuaminika kabisa. Kinachonishinda ni msasa. Nikisugua pembe na kingo kwa namba 220, uso unachubuka na kutoa manyoya meupe, inaonekana imekwaruzwa jana. Mkoba uliozeeka kweli, pale unaposhikwa kila siku, huwa mweusi na unang'aa kwa jasho na mafuta ya mkono.

Je, nipake mafuta kwanza ndipo nisugue, au nisugue, nipake rangi ya viatu ya kahawia kisha nilaze manyoya kwa kipande cha mti au mfupa?

Pili, kazi hii nifanye kabla ya kushona au baada? Naogopa uzi mpya utaniumbua, na pia naogopa msasa utakata mishono ya pembeni. Waliowahi kufanya, naomba mnielekeze.