Linki za stebilaiza kwenye Cressida ya 1986: upande wa kulia umegoma, naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Cressida ya mwaka 1986, aliniachia marehemu mzee, naitunza kama yai. Juzi natoka Tukuyu ikaanza kugonga mbele, ko-ko-ko kwenye kila tuta, na kona za Mlima Nyoka inalala kama mtumbwi. Nikaingia chini: bushi (mipira) za linki zinazoshika stebilaiza, ile nondo ya mbele inayozuia gari kulala kwenye kona, zimekwisha, moja imebaki kama ganda la chungwa lililokauka.

Nimepata mpya Mwanjelwa, Mbeya, zile za bolti ndefu yenye bushi 4 za mpira, washa (visahani vya chuma) na kibomba cha katikati. Kushoto imeingia bila shida. Kulia nati haidaki uzi wa bolti, bolti imepelea kama sentimita moja. Fundi wa jirani anataka tuivute kwa mtaimbo, nimekataa. Ila nilipiga jeki upande mmoja tu, na nahisi ndiyo sababu stebilaiza imejisokota.

Niinue mbele yote kwa stendi mbili? Na kukaza kwa mwisho, tairi zikiwa zinaning'inia au zimekanyaga chini? Halafu nati nikaze hadi igome, au bushi ikianza tu kututumka niache? Jumamosi nina safari ya Makambako.